Mshale wa Kurudi

"Bonyeza tena," alisema Inspekta.

Mabano akabonyeza. Kitufe chekundu kilichoandikwa Toka Haraka kikafifia, ukurasa ukapotea, na mahali pake pakaja utabiri wa hali ya hewa: mawingu kiasi, nyuzi ishirini na sita.

"Sasa mshale wa kurudi."

Kidole cha Mabano kikasita juu ya simu, halafu kikagusa mshale mdogo wa pembeni. Hali ya hewa ikaondoka. Ukurasa wa mwanzo ukarudi vilevile ulivyokuwa, pamoja na mazungumzo ya majaribio waliyoyaandika dakika mbili zilizopita.

"Haiwezekani," alisema Mabano.

"Si unaona kwa macho yako?"

"Naona, afande. Lakini haiwezekani."

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Ofisi ilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la uchapaji, na sakafu ilitetemeka kila mashine ya chini ilipokata karatasi. Watu watatu tu walifanya kazi hapo. Meneja, aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye vifungo. Mabano, fundi mkuu, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu aliweza kuona bano moja lililosahaulika katika mistari elfu. Na mwanamke aliyekagua kazi zao kabla hazijatoka, ambaye wote walimwita Jicho. Walitengeneza tovuti, si mitambo ya nyuma inayohifadhi taarifa, bali ile sehemu ambayo mtu anaiona na kuigusa: rangi, herufi, menyu, vitufe.

Moja ya kazi zao ilikuwa tovuti ya shirika linalosaidia wanawake wanaopigwa majumbani. Mwanamke aliingia kwa simu yake, akaandikiana na mshauri, akapangiwa pa kukimbilia. Kila ukurasa ulikuwa na kile kitufe chekundu. Mtu akiingia chumbani ghafla, unabonyeza, inabaki hali ya hewa. Hata akikunyang'anya simu na kurudi nyuma, hakuti kitu.

Jana yake mchana, mume mmoja alirudi nyuma akakuta kila kitu.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa wodini. Taya lilivunjika, na mkono wa kulia pia, kwa hiyo maelezo yake aliyaandika kwa mkono wa kushoto, mistari sita iliyopanda na kushuka. Mstari wa nne ndio uliomleta Inspekta kwenye ofisi hii. Hakutazama hali ya hewa hata kidogo, mwanamke alikuwa ameandika. Alichukua simu akabonyeza kurudi hapohapo.

Rumande, mume alisema ilikuwa bahati tu. Inspekta hakuwa mtu wa kumeza bahati ya namna hiyo. Mwanamume anayemshuku mkewe na kukuta hali ya hewa kwenye simu yake huitazama kwanza, huuliza maswali, hufungua ujumbe, hufungua picha. Huyu alikwenda moja kwa moja kwenye mshale. Kuna mtu alimwambia.

"Kipigeni picha kitufe kilivyo," alisema, "halafu kirekebishwe sasa hivi. Wapo wanaokitumia hapa tunapoongea."

Mabano alihitaji dakika nne. Inspekta alisimama nyuma ya kiti chake mpaka alipojaribu mara tatu na mshale ukakataa kurudi mara zote tatu.

"Nieleze sasa. Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu angenikatiza." Mabano alivuta karatasi, akachora sahani zilizopangwa. "Kivinjari cha simu kinapanga kurasa hivi, hii juu ya ile. Ukirudi nyuma unaondoa ya juu, unaiona ya chini. Kitufe chetu hakikuwa kinaongeza sahani. Kilikuwa kinaondoa ile iliyopo na kuweka nyingine palepale. Na tovuti nzima tuliijenga iwe kama ukurasa mmoja, makusudi, ili kuwe na sahani moja tu ya kuondoa."

"Na nini kimebadilika?"

"Neno moja. Lilikuwa linakiambia kivinjari, weka huu mahali pa ule. Mtu ameliondoa, ameandika neno linalosema, nenda kule. Ukitazama, ni kilekile. Hali ya hewa inakuja. Ila sahani ya zamani iko chini yake, inasubiri."

"Mtu ameliondoa," Inspekta alirudia. "Nani?"

Mlangoni Meneja alikohoa.

"Si lazima awe mtu, afande. Siku hizi hakuna anayeandika kila mstari kwa mkono. Tuna msaidizi wa akili mnemba. Unamwambia unachotaka, anaandika. Na mara nyingine anajifanya mjuaji, anagusa hata ambacho hukumwomba."

"Umewahi kumwona akigusa kitufe hiki?"

"Mimi si fundi."

"Lakini unajua ni yeye."

Meneja alinyoosha mkono wa shati ambao haukuwa na kunyanzi. Mabano, bila kugeuka, alisema taratibu, "Mwambie ulichoniambia asubuhi."

"Nini tena?"

"Aliniambia nifute, afande. Mlipopiga simu kwamba mnakuja. Alisema niandike upya kumbukumbu ya mabadiliko, ionekane mstari huo haukuguswa tangu mwaka jana. Nikamwambia sifanyi."

"Nilikuwa nalinda jina la ofisi!"

"Kwa kufuta ushahidi," alisema Inspekta. "Jumanne alasiri ulikuwa wapi?"

"Kwa nini Jumanne?"

Swali zuri, na lilitoka haraka mno. Inspekta aliliandika.

"Kwa sababu kumbukumbu hapo kwenye skrini inasema Jumanne, saa tisa na dakika kumi na mbili."

"Nilikuwa kwenye mkutano na lile shirika lenyewe. Tulikuwa sita. Nilitoka hapa saa sita, sikurudi mpaka kesho yake."

Inspekta alimpigia Sajini, aliyekuwa wodini kwa mgonjwa, akampa kazi ya kuuliza. Jibu lilirudi kabla chai aliyoletewa haijapoa. Ni kweli, Meneja alikuwa mkutanoni, tena alizungumza peke yake muda wa saa nzima. Hilo halikumsafisha. Mtu ana simu mfukoni hata akiwa mkutanoni.

Alirudi kwa Mabano.

"Msaidizi wenu anaacha alama?"

"Anaacha kila kitu. Ulichomuuliza, alichojibu, alichoandika, na chini anatia jina lake." Mabano alifungua orodha ya Jumanne. Aliulizwa kuhusu rangi za maandishi, kama mtu mwenye macho dhaifu angeweza kuyasoma juani. Aliulizwa kuhusu kupunguza uzito wa picha ili tovuti ifunguke kwenye mtandao dhaifu. Aliulizwa kuhusu mtindo mpya wa kujenga kurasa kwenye seva badala ya kwenye simu. "Mwaka juzi walituambia tutoe kazi kwenye seva, mwaka huu wanatuambia tuirudishe. Fani hii ni kama suruali, mara pana, mara nyembamba."

"Kitufe?"

"Hakuulizwa. Hakugusa."

"Basi tusome jina lililoko."

Mabano alijua linalokuja. Aligeuza skrini mwenyewe. Mbele ya badiliko la Jumanne, saa tisa na dakika kumi na mbili, palikuwa na jina lake, na maelezo ya maneno mawili: Usafi kidogo.

"Si mimi," alisema.

"Akaunti ni yako."

"Ni yangu. Lakini si mimi."

"Unamfahamu mume wa huyu mama?"

"Hata jina lake silijui."

"Nimeambiwa ulipigana na kitufe hiki. Ulisema kinaharibu sura ya ukurasa."

"Nilisema rangi yake inaharibu. Nilitaka kiwe cha kahawia. Afande, mtu anaweza kuchukia rangi bila kuvunja mlango."

Inspekta alivuta kiti akakaa, macho kwenye skrini. Kumbukumbu ilionyesha mstari wa zamani kwa wekundu na mpya kwa kijani. Mwishoni mwa mstari wa kijani palikuwa na kidoa cha kijivu, kidogo kama punje ya mchele.

"Hiki nini?"

Mabano aliinama. Akainama zaidi, mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Nafasi tupu," alisema. "Mtu ameacha nafasi moja mwishoni."

"Ina maana?"

"Kwangu haiwezi kutokea. Programu ninayoandikia inajipangia mistari. Nikihifadhi tu, inafuta nafasi zote za mwisho. Wote tumeiweka, ndiyo sheria ya ofisi." Aligusa kidoa kwa kidole. "Hili halikuandikwa kwenye kompyuta yoyote humu ndani."

Inspekta alitoa simu yake mwenyewe, akafungua sehemu ya ujumbe, akaanza kuandika neno. Simu ikampendekezea neno zima. Akaligusa. Neno likaingia, na nyuma yake simu ikaongeza nafasi tupu, bila kuombwa.

Akamwonyesha Mabano.

"Liliandikwa kwa simu," alisema Mabano.

"Akaunti yako iko wazi kwenye simu zipi?"

Mabano alifungua ukurasa wa usalama. Vifaa viwili. Cha kwanza kilikuwa kompyuta yake. Cha pili kiliandikwa Simu ya Majaribio Namba Sita, mara ya mwisho kutumika Jumanne, saa tisa na dakika kumi na nane, kwa mtandao wa ofisi hii hii.

Mabano alijipiga paji la uso. "Mwezi uliopita niliingia humo kumwonyesha mteja. Nikasahau kutoka."

Meneja alishusha pumzi kwa sauti. Kwa mtandao wa ofisi. Basi yeye aliyekuwa mkutanoni hakuwamo. Inspekta aliona alivyolegea mabega na akampa dakika moja ya kufurahi.

"Badiliko kama hili linapita tu? Hakuna anayelipima?"

"Linapimwa na mashine kabla halijatoka. Kuna jaribio linabonyeza kitufe, linabonyeza mshale, na likiona ukurasa wa zamani linakataa." Mabano alishuka chini zaidi kwenye kumbukumbu, na sauti yake ikashuka pamoja. "Hapa. Mashine imeambiwa iliruke jaribio hilo. Siku hiyohiyo, dakika hizohizo. Na nafasi tupu mwishoni."

"Nani anajua jaribio hilo lilipo?"

Mabano aligeuka kutazama mlango wa chumba cha pili.

"Mimi na majaribio ni kama mafuta na maji," alisema. "Yote ameyaandika Jicho."

Kabati la simu lilikuwa chumba cha pili, karibu na dirisha. Jicho alilifungua kwa ufunguo uliofungwa kwenye utepe shingoni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kucha fupi, sauti ya chini. Simu kumi na moja zilipangwa kwa namba, nyingine zenye nyufa, nyingine zilizokuwa kuukuu miaka sita iliyopita.

"Kwa nini mbovu hivi?" aliuliza Inspekta.

"Kwa sababu ndizo walizonazo. Mwenye shida zaidi ndiye mwenye simu ya zamani zaidi. Tovuti ikifanya kazi kwenye simu ya meneja tu, haijafanya kazi."

"Namba sita aliichukua nani Jumanne?"

Jicho alitoa daftari la simu. Kurasa zake zilikuwa safi, tarehe, saa, sahihi. Jumanne asubuhi alichukua mwenyewe namba mbili na namba tisa. Alasiri palikuwa patupu.

"Ufunguo wanao wangapi?"

"Mimi na Mabano."

"Basi Mabano aliichukua."

"Hapana." Alijibu bila kufikiri. "Jumanne saa tisa alikuwa chumba kile, amevaa spika za masikioni, anaongea na mteja. Kutoka saa nane na nusu mpaka saa kumi kasoro robo. Mlango ni wa kioo, nilimwona."

Inspekta aliandika polepole. Watu wanaoficha jambo huwa na hamu ya kumtwika mwingine. Huyu alikuwa amemtua mwenzake mzigo kwa sentensi mbili, na kwa kufanya hivyo alikuwa amebaki peke yake chumbani.

"Sikuwaeleza mengi kuhusu huyu mama," alisema. "Amevunjwa mkono. Mumewe yuko ndani. Hajambo kidogo."

Jicho alikuwa akirudisha daftari mahali pake. Mgongo wake ulikuwa kwa Inspekta.

"Anaweza kutafuna?" aliuliza.

"Unasemaje?"

"Chakula. Anaweza kutafuna, au wanampa uji tu?"

Mashine ya chini ilikata karatasi, simu kumi na moja zikatikisika kwenye rafu.

"Nitakuuliza kitu baadaye," alisema Inspekta. "Usitoke."

Alishuka ngazi mpaka katikati, pasipofika sauti, akampigia Sajini.

"Muulize mgonjwa swali moja. Nani alimpa anwani ya tovuti hii?"

Alisikia Sajini akiuliza, akasikia kalamu ikikwaruza karatasi. Halafu Sajini akarudi.

"Afande, sijui kama amenielewa. Ameandika, wifi."

"Wifi?"

"Nami nimemwambia, mama, sikuulizi ulipata wapi intaneti. Amenikodolea macho kama mimi ndiye niliyevunja taya. Ameandika tena, kwa herufi kubwa. WIFI YANGU."

"Dada wa mume," alisema Inspekta.

"Ndiyo hivyo. Anaandika bado. Anasema ni mkaguzi wa tovuti. Anasema alikuja jana jioni, akasimama mlangoni mwa wodi, akamtazama, akaondoka bila kusema neno."

"Njoo hapa na gari."

Alipanda ngazi. Jicho hakuwa ametoka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kabati, ufunguo umetoka shingoni, uko mapajani.

"Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya shuka jana," alisema kabla hajaulizwa. "Mmoja kwenye plasta. Kila saa naiona."

"Mimi sikusema neno kuhusu taya."

"Najua. Lilipotoka tu, nilijua."

"Ulimwambia kaka yako abonyeze mshale."

"Ndiyo."

"Na ulibadilisha neno ili mshale ufanye kazi."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Jicho aliugeuza ufunguo.

"Anwani ya tovuti, wifi yangu nilimpa mimi mwenyewe. Mwaka jana, baada ya mara ya kwanza. Halafu kaka akaapa mbele ya mama kwamba basi, hatarudia. Nikaamini. Wiki iliyopita akaja kwangu analia. Anasema mke ana mwanamume. Kila nikiingia ndani, anasema, mke anabonyeza kitu, inakuja hali ya hewa. Mtu gani anasoma hali ya hewa mara nne kwa siku?" Aliugeuza tena ufunguo. "Nikajua ni kitufe chetu. Nikajua hana mwanamume. Nikamwambia, kaka, hakuna mwanamume. Hakusikia. Alisema atamfukuza, atamnyang'anya watoto, atamtangaza kwa ukoo mzima. Nikaona, akiona mwenyewe kwamba anaongea na washauri wanawake, atatulia. Atajua ni mke mwaminifu. Nilitaka kumsafisha, afande."

"Ungemwambia tu mkewe afiche simu."

"Ningemwambia."

"Akaunti ya Mabano?"

"Yangu haipiti bila mtu kuidhinisha. Yake inapita. Sikukusudia kumtupia yeye. Nilikusudia kurudisha neno usiku uleule, mara kaka akishaona. Jumanne hakuona. Jumatano hakuona. Nikasema siku moja tu zaidi."

Mabano alikuwa amesimama kwenye mlango wa kioo. Alimtazama Jicho kama mtu anayesoma mstari ambao hauna kosa lakini haufanyi kazi.

"Kitufe ni kimoja kwa wote," alisema. "Hukukibadilisha kwa wifi yako peke yake. Ulikibadilisha kwa kila mtu."

Jicho aliufunika ufunguo kwa kiganja.

"Kimebonyezwa mara ngapi tangu Jumanne?" Inspekta alimuuliza Mabano.

"Hesabu tunayo. Majina hatuna, hatuhifadhi." Alikwenda kwenye kompyuta, akarudi. "Mara thelathini na nne."

Inspekta alimwagiza Meneja ampigie mshauri wa lile shirika, na Meneja, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akafanya jambo haraka bila kunyoosha shati. Sauti ya mshauri ilijaza chumba. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye kusema kwa kituo.

"Waliokatika katikati ya maongezi ni wanne," alisema. "Huyo aliyeko hospitali simhesabu. Watatu wamesharudi wakaandika, wako salama. Mmoja bado, tangu jana saa mbili asubuhi. Nilikuwa nampangia usafiri wa kesho."

"Unajua anapokaa?"

"Alinielekeza kwa ajili ya gari. Nyuma ya karakana ya matairi, geti la bluu. Lakini siwezi kumtumia mtu mlangoni hivihivi. Ikiwa mume hajui chochote, sisi ndio tutakaomwambia. Ngoja. Ngojeni. Ameandika sasa hivi."

Walisubiri.

"Anasema, nimerudi. Kila kitu kiko sawa nyumbani. Sihitaji msaada wenu tena, ndugu mshauri. Asante."

"Alhamdulillahi," alisema Meneja.

"Hapana," ilisema sauti ya mshauri. "Huyu hajaniita mshauri hata siku moja. Miezi mitatu ananiita jirani. Anaanza na jirani, anamaliza na jirani. Huyu si yeye."

Inspekta alitazama dirishani. Gari la Sajini lilikuwa linaingia uani.

"Kutoka hapa mpaka hiyo karakana ni dakika ngapi?"

"Ishirini," alisema Mabano. "Kumi na tano mkikimbia."

"Ukikaa kimya atajua ameshtukiwa. Ukimuuliza maswali pia atajua."

"Mpe fomu," alisema Jicho.

Wote waligeuka.

"Fomu ya maoni. Mwambie mnafunga faili lake, lakini haliwezi kufungwa mpaka ajaze fomu. Ina kurasa tano. Nimewalalamikia mwaka mzima kwamba ni ndefu, ukikosea kitu kimoja inakurudisha juu." Alikuwa ameinua macho kwa mara ya kwanza. "Mwanamume anayetaka faili lifungwe ataijaza yote."

Inspekta alimtazama kwa kitambo. Kisha akainamia simu. "Umesikia, mshauri? Mtumie. Kwa lugha ya ofisi, kavu kabisa. Na akiuliza lolote, mjibu polepole."

Alimwacha Jicho na askari aliyekuja na Sajini, ufunguo wa kabati ukiwa ndani ya bahasha.

Kwenye gari, Mabano alikuwa akiwasomea kwa simu kutoka ofisini. Jina la nani ameingia hawakuwa nalo, lakini fomu iliyo wazi ilikuwa moja tu, na ilionyesha ukurasa.

"Ukurasa wa pili. Amekosea tarehe, imemrudisha."

Sajini alipinda kona ya soko.

"Wa pili tena. Wa tatu sasa. Ameulizwa kama angependekeza huduma hii kwa wengine. Amekaa hapo."

"Anafikiri," alisema Sajini.

"Amejibu ndiyo."

Karakana ya matairi ilikuwa wazi, watu wawili wameinamia gurudumu. Geti la bluu lilikuwa nyuma yake, limefungwa na kitasa tu. Inspekta alivuka ua wa saruji uliofagiwa vizuri, akapita kamba ya kuanikia isiyo na nguo, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole. Mara tatu, bila haraka, kama mtu aliyekuja kusoma mita.

Mlango ulifunguliwa na mwanamume mwenye miwani ya kusomea. Simu alikuwa nayo mkononi, imewaka.

"Karibuni," alisema. "Mnamtafuta nani?"

"Mkeo."

"Amelala. Hajisikii vizuri."

"Saa saba mchana?"

"Ni homa."

Inspekta alishusha macho kwenye simu. Ukurasa wa nne wa tano. Mwanamume alifuata macho yake, akaiona skrini yake kama anaiona mara ya kwanza, akaanza kuigeuza. Sajini akamshika kifundo cha mkono, kwa upole karibu wa kirafiki, akaichukua.

Sebule ilikuwa nadhifu. Mlango wa stoo, kando ya jiko, ulikuwa na komeo jipya, na vumbi la mbao lilikuwa bado sakafuni chini ya skrubu. Inspekta alilivuta.

Mwanamke alikuwa amekaa juu ya mfuko wa mkaa, magoti kifuani, uso umevimba upande mmoja. Alifinya macho kwa sababu ya mwanga. Alimtazama Inspekta, akamtazama Sajini nyuma yake, na zaidi ya hapo mlango wa mbele uliokuwa wazi.

"Mmetumwa na jirani?"

"Tumetumwa na jirani."

Alisimama kwa kushika ukuta. Alijitazama, gauni lililojaa masizi ya mkaa, mguu mmoja bila kiatu.

"Nibadilishe nguo kwanza," aliuliza, "au twende hivihivi?"

"Twende hivihivi," alisema Inspekta, akampisha apite mbele.